Mjadala: Gavana wa Benki Kuu akitoka Hazina, nani atamwambia Hazina hapana?

Mwanzilishi wa mjadala, Buruburu

Likitajwa jina la gavana mpya wa Benki Kuu ya Kenya, swali la kwanza huwa ni alikaa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa lenye makao Washington, miaka mingapi. Patrick Njoroge alikaa huko miongo miwili kabla ya kuteuliwa 2015. Kamau Thugge, aliyempokea Juni 2023, naye alipitia huko huko. Kwa wengi hiyo tayari ni hukumu: katumwa na Washington.

Mimi naona tunaangalia upande usio wenyewe. Mwaka 2018 IMF ilidai shilingi yetu ina thamani iliyozidi kwa asilimia 17.5, na aliyesimama hadharani kuipinga ni Njoroge. Anayejua ripoti hizo zinavyoandikwa hatishwi nazo. Stanley Fischer, mzaliwa wa Mazabuka katika Zambia ya leo, aliwafundisha Ben Bernanke na Mario Draghi, waliokuja kuongoza benki kuu za Marekani na Ulaya, akawa naibu wa kwanza wa mkuu wa IMF, akapita benki ya Citigroup, kisha Israel ikamkabidhi benki kuu yake 2005. Uzoefu huo haukuwa doa.

Njia ninayoiogopa ni fupi zaidi. Inatoka Hazina, yaani Wizara ya Fedha, Harambee Avenue, mpaka Benki Kuu, Haile Selassie Avenue, na unaimaliza kwa miguu. Thugge alikuwa Katibu wa Hazina 2013 hadi 2019. Eurobondi ya miaka kumi, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ikachukuliwa 2014. Baadaye akawa mshauri wa Rais, kisha gavana, na dola bilioni 2 za deni lile zikaiva Juni 2024 yeye akiwa Benki Kuu. Simtuhumu kwa lolote. Ninachohoji ni mpangilio wenyewe.

Benki Kuu ndiyo inayotunza akaunti ya serikali, na sheria inairuhusu serikali kuchota ovadrafti hadi asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa. Siku Hazina ikitaka zaidi, au ikitaka riba ishuke ili ikope kwa nafuu, gavana atawakatalia wenzake wa jana? Wanaokumbuka 1992 na 1993 wanajua benki kuu inayopokea amri hutupeleka wapi: sakata la Goldenberg la malipo ya serikali kwa mauzo hewa ya dhahabu, fedha zilizomwagwa wakati wa uchaguzi, mfumuko wa bei uliopita asilimia 40. Ndiyo maana Kifungu cha 231 cha Katiba kinasema Benki Kuu isielekezwe wala kudhibitiwa na yeyote katika kazi yake.

Napendekeza sheria iseme hivi: aliyetoka Hazina au Ikulu asiteuliwe gavana kabla ya miaka mitano kupita.

Muuza mitumba, Gikomba

Dada, nimekusoma, ila sikubaliani nawe. Januari 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, anayetuuzia mitumba kwa jumla hakuwa akitaja bei asubuhi. Alikuwa anapiga simu kwanza kuuliza dola imeamkaje, sisi tumesimama pale na pesa mkononi. Bei ya saa mbili si ya saa sita. Thugge akapandisha riba ya Benki Kuu hadi asilimia 13 Februari, Hazina ikauza Eurobondi mpya kulipia ile ya zamani, shilingi ikarudi kwenye 130 na kitu. Mkopo wangu ulipanda, na uliniumiza kweli. Lakini ningepewa gavana asiyejua deni la Hazina limekaaje, ningeumia zaidi.

Na huyo Njoroge mliyemwita mtu wa IMF ndiye aliyepinga kuwekewa ukomo riba za mabenki 2016. Alisema wadogo watanyimwa mikopo. Tulinyimwa, mabenki yakakimbilia kuikopesha serikali kwa kununua hati zake, mpaka ukomo ukaondolewa 2019.

Mwalimu wa uchumi, Kahawa

Niongeze moja ambalo halijaguswa. Barua ya serikali ya kuomba mkopo IMF husainiwa na wawili, waziri wa fedha na gavana. Sahihi ya pili ipo ili mwingine asiyeongozwa na Hazina aseme mambo yanawezekana. Hapo mwanzilishi ana hoja nzito.

Ila miaka mitano ni mingi. Draghi aliondoka Hazina ya Italia 2001, akawa gavana wa benki kuu ya nchi yake Januari 2006, na katikati alikuwa Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani. Kusubiri kwa namna hiyo kunamtoa mtu serikalini na kumwingiza kwa wafanyabiashara wa fedha. Na wetu wenye ujuzi huo ni wachache.

Mwanzilishi wa mjadala

Wachache? AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, imekuwa hapa Nairobi tangu 1988 ikilea watafiti wa uchumi wa bara zima. Benno Ndulu aliiongoza, akaja kuwa gavana wa Tanzania 2008 hadi 2018. Njuguna Ndung'u, gavana wetu kabla ya Njoroge, alitoka huko na Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu tunao, tatizo tunawatafuta jengo moja tu.

Hoja ya Goldman Sachs naikubali, kwa hiyo marufuku iguse na mabenki ya biashara. Na kaka wa Gikomba, anayelijua deni la Hazina aendelee kuitwa kushauri, ila asiwe ndiye anayepanga riba. Miaka mitatu naweza kuipokea. Chini ya hapo, hapana.