Msaidizi wa sauti kwa wakulima wa mahindi: tuwapime watu wangapi, na tupime nini hasa?

Mvomero_Lab
Wakuu, habari za majukumu. Tumepata fungu dogo la fedha za umma, la miezi 12, kuchunguza namna wakulima wa mahindi mkoani Morogoro wanavyotumia msaidizi wa sauti wa akili unde. Mkulima anapiga namba, anauliza kwa Kiswahili kuhusu mbolea au viwavijeshi vamizi, mashine inamjibu kwa sauti. Programu haijakamilika, na fedha haitoshi kuijenga yote ndipo tuanze kupima. Andiko letu linasema tutapima "kuridhika kwa watumiaji" kwa dodoso la SUS (System Usability Scale, dodoso fupi la kupima urahisi wa kutumia mfumo). Naomba ushauri: tuanzeje, washiriki wangapi, na je, dodoso hilo linatosha? Nawasilisha.

PaziaNaSauti
Mkuu, msisubiri programu. Tumieni mbinu ya mtu nyuma ya pazia, ambayo watafiti wa fani hii wanaitumia tangu miaka ya 1980. Mkulima anapiga akidhani anaongea na mashine, kumbe chumba cha pili yupo mtafiti anayesikiliza na kumchagulia jibu.

Kinachoiharibu mbinu hii mara nyingi ni kuchelewa. Watu wakizungumza wao kwa wao, pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni kama milisekunde 200 tu. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha hivyo. Mtafiti akianza kuchapa jibu, sekunde kumi zinapita, mkulima anasema "haloo, haloo" na kuuliza upya. Hapo mnapima kimya, hampimi mazungumzo. Kwa hiyo kusanyeni kwanza maswali kutoka kwa maafisa ugani, andikeni majibu 40 hadi 60, yageuzeni kuwa sauti ileile ya mashine mtakayoitumia baadaye, na kila jibu liwe na kitufe chake. Msisahau "sijasikia vizuri, rudia", "unauliza mbolea ya kupandia au ya kukuzia?", "swali hili sina jibu lake, mwone afisa ugani", na "subiri kidogo, natafuta" ya kuzibia pengo.

Kasoro ya pili haionekani haraka. Binadamu anasikia vizuri mno. Anaelewa kikohozi, kelele za kuku, sentensi iliyokatika katikati. Mkimwachia aelewe kila kitu, mtakuwa mmepima mashine ambayo haitakuja kuwepo. Pangeni makosa mapema: kabla ya simu kuingia, orodha iseme ni zamu zipi mtafiti lazima abonyeze "sijasikia" hata kama amesikia. Zamu moja kati ya kumi ni mwanzo mzuri. Kosa lisiguse kamwe kipimo cha sumu. Anachofanya mkulima baada ya kutoeleweka ndicho kinachostahili fedha hizi: anapaza sauti? Anafupisha swali? Anabadili msamiati? Anakata simu?

Kila kikao kikiisha, mwelezeni kwamba aliyejibu alikuwa mtu, na mumpe haki ya kufuta rekodi yake. Kamati ya maadili italiuliza hilo mwanzoni kabisa, liandikeni kwenye maombi.

Takwimu_Shamba
Idadi inategemea mnachotafuta. Ule usemi wa "watu watano wanatosha" unasimama juu ya dhana kwamba kila tatizo linampata asilimia 31 ya watumiaji. Hapo watano wanafichua kama asilimia 84 ya matatizo. Tatizo likimpata mmoja kati ya kumi, uwezekano wa watano kulifichua ni asilimia 41 tu. Mkienda 20, unafika asilimia 88. Kwa awamu ya pazia ningechukua 20, nusu wanawake, na wenye simu za batani wawemo. Mkitaka kulinganisha matoleo mawili, kila mtu ayajaribu yote mawili: kwa tofauti ya ukubwa wa kati, 34 wanatosha kitakwimu. Mkigawa watu makundi mawili, mtahitaji 64 kila kundi. Nusu ya washiriki waanze na toleo A na nusu na B, la sivyo mtachanganya ubora na mazoea.

Sasa SUS. Ina kauli 10, kila moja inajibiwa kwa 1 (napinga kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa): za namba witiri ni za kusifu, za namba shufwa ni za kulaumu. Witiri unatoa 1 kwenye jibu, shufwa unatoa jibu kwenye 5, unajumlisha na kuzidisha kwa 2.5, unapata alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotumika kulinganishia ni 68. Lakini angalia: mtu akijibu kila kauli kwa namba ileile, iwe 2 au 5, alama yake ni 50 daima. Kwa adabu zetu, ambako mgeni aliyekuja na barua ya serikali hapingwi usoni, mtawapata hao. Mkiona alama nyingi zimerundikana 50, msiandike kwamba programu ni "ya wastani". Rudini kwenye majibu moja moja. Kauli za kulaumu zenye ukanushi ndani yake zinawachanganya zaidi watu wanaposomewa kwa sauti, kwa hiyo zijaribuni kwa watu wachache kabla ya kwenda uwandani.

Na adabu hiyo imeshapimwa. Utafiti uliofanyika Bangalore, India, na kuchapishwa mwaka 2012 uliwaonyesha watu vitu viwili vinavyofanana kabisa. Walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kukipenda kile walichodhani kimetengenezwa na anayewahoji. Mhoji alipokuwa mgeni anayehitaji mkalimani, ikawa mara 5. Anayehoji asiwe aliyetengeneza, na asiseme "programu yetu" hata mara moja.

Jibu la swali lako ni kwamba SUS peke yake haitoshi. Mpeni mkulima kazi: "Ulizia kiasi cha dawa kwa pampu moja." Akikata simu, mwombe aeleze atafanya nini shambani. Akieleza sawasawa, amefaulu. Akieleza kinyume huku akisema ameridhika, hayo ndiyo matokeo makubwa kuliko yote mtakayopata.

Lugha_na_Mashine
Nakubaliana na mdau hapo juu, na naongeza upande wa lugha, maana ndiko mashine inakoteleza.

Kipimo cha kawaida cha utambuzi wa sauti ni WER, yaani kiasi cha maneno yaliyokosewa, yaliyorukwa au yaliyoongezwa kwa kila maneno mia. Kwa Kiswahili kipimo hiki kinaficha mambo. "Upulizie" na "usipulizie" vinatofautiana kwa silabi moja. WER inahesabu kosa moja, sawa tu na "hapa" kuandikwa "apa". Moja halina madhara, lingine linageuza ushauri. Tengenezeni orodha yenu ya makosa ya maana: ukanushi, njeo (wakati wa kitenzi), namba, jina la dawa. Yahesabuni peke yake.

Saa nayo. Mkulima akisema "nikumbushe saa mbili asubuhi", anamaanisha 08:00. Programu nyingi zitaandika 02:00. Jaribuni pia "kesho kutwa" na "saa saba unusu".

Vipimo: mashine itasema mililita 20, mkulima ana kizibo cha chupa na kijiko. Kizibo hakina ujazo mmoja, hivyo jibu lisigeuze mililita kuwa vizibo. Limwelekeze kwenye kifuniko chenye alama kama kipo kwenye dawa yenyewe, na limuulize kwanza pampu yake ni ya lita ngapi. Lita 16 na 20 si kipimo kimoja.

Mwisho, laini ya simu ya kawaida hubeba sauti kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, wakati modeli nyingi hufunzwa kwa 16,000. Tena sauti nyingi za Kiswahili zilizo wazi, kama za Common Voice ya Mozilla, ni za watu wanaosoma sentensi. Kusoma si kuuliza. Matokeo mazuri ya maabara yatashuka mkifika kwenye simu halisi, basi pimeni kwa rekodi za simu tangu mwanzo.

Mvomero_Lab
Asanteni sana wakuu. Andiko limeshapitishwa likiwa na "kuridhika". Tunabadilishaje? Na upande wa vibali na bajeti?

Kibali_Kwanza
Andikeni barua ya kuomba marekebisho kwa mfadhili sasa, kabla ya kutumia fedha. Bakizeni SUS, ongezeni "usahihi wa kitendo baada ya ushauri" kama kipimo kikuu, na muonyeshe kwamba jumla ya bajeti haibadiliki. Kamati ya maadili nayo ipelekewe mabadiliko hayohayo.

Vibali: cha utafiti kupitia chuo au COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), kisha barua ishuke ngazi kwa ngazi, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Ukiruka ngazi moja unarudishwa. Sauti ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mkipeleka rekodi kwenye seva za nje ya nchi, huko ni kusafirisha taarifa nje, na sheria ina masharti yake. Fomu ya ridhaa ilitaje hilo waziwazi.

Ununuzi wa simu na vinasa sauti unapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki, na lazima uwemo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ombi la Mei linaweza kuwakwamisha msimu mzima wa kupanda.

Hifadhi ya rekodi msiiwekee fedha nyingi: saa moja ya sauti ya simu isiyobanwa ni kama MB 58. Gharama iko kwenye unukuzi, yaani kuandika yaliyosemwa. Kwa mfano, watu 30 kwa dakika 20 ni saa 10 za sauti, na kila saa inamla mnukuzi saa 4 hadi 6. Tengeni pia mnukuzi wa pili wa kurudia asilimia 20 ya rekodi, muone kama wawili hao wanasikia kitu kimoja. Ridhaa ya kuchapisha rekodi wazi iombwe siku hiyohiyo, kwa kisanduku chake peke yake; kuwatafuta watu tena baada ya mavuno ni gharama ambayo hakuna aliyeipangia.