Stauti yangu imehukumiwa ikiwa barafu: malalamiko yangu dhidi ya meza ya waamuzi

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa siku tisa kabla ya kuandika uzi huu, nikitaraji kwamba hasira itapoa. Haijapoa. Kilichopoa kupita kiasi ni bia yangu, na hicho ndicho kilichonileta hapa.

Nilipeleka chupa tatu za stauti nzito ya daraja la imperial, yaani bia nyeusi yenye kileo kikali, kwenye mashindano ya watengenezaji wadogo, na fomu ya alama imerudi ikiwa na 23 kati ya 50. Katika sehemu ya ladha, mwamuzi wa kwanza ameandika maneno manne: "Chungu mno. Inakwaruza koo." Katika sehemu ya harufu ameandika moja tu: "Hafifu." Mwamuzi wa pili ametoa namba bila maelezo, isipokuwa mahali pawili, ambapo amelalamika kwamba povu halikai na kwamba bia ni "nzito kupita kawaida". Chini kabisa, penye nafasi ya ushauri kwa mtengenezaji, kuna mstari wa kalamu ulioanza na kukatika, kana kwamba mwenye kalamu aliitwa mahali pengine kabla hajaandika herufi ya kwanza.

Naomba nieleweke mapema. Sikwenda kutafuta sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji sitaki. Tena bia hii ina kasoro, ninaifahamu kasoro hiyo, na nitaitaja hapa chini bila kuficha. Ninacholalamikia ni kwamba waamuzi wameiadhibu kwa makosa ambayo haikuyatenda, na kosa lake la kweli wakalipita pasipo hata kulinusa.

Siku ya mashindano nilijitolea kuhudumu, na kwa kuwa mshiriki haruhusiwi kugusa meza ya kundi lake, nilipangiwa meza ya jirani, hatua kama nne kutoka mahali stauti zilipokuwa zikionjwa. Chupa zilikuwa na namba tu, hivyo sikujua ipi ni yangu, wala sikuhitaji kujua, maana zote zilitendewa vilevile. Zilitolewa kwenye beseni la maji na vipande vya barafu, beseni lilelile lililokuwa limehifadhi laga nyepesi za asubuhi, zikafunguliwa papo hapo na kumiminwa kwenye vikombe vidogo vya plastiki hadi ukingoni. Vikombe vilikuwa vinatoka jasho. Niliona tone likiteremka ubavuni mwa kikombe kimoja na kulowesha fomu iliyokuwa chini yake; mwamuzi akalifuta kwa kiganja, akanywa funda moja, akaandika. Kikombe hakikupita puani. Sampuli kumi na moja za bia nzito kuliko zote zilizokuwa ukumbini zilikwisha kabla sisi wa meza ya jirani hatujafika ya sita.

Bia ya namna hii huonjwa ikiwa kati ya nyuzi 10 na 13 za Selsiasi, katika glasi yenye tumbo pana na mdomo uliofinywa, iliyojazwa theluthi yake tu ili harufu ipate mahali pa kujikusanya. Hayo hayafanywi kwa ajili ya madaha. Harufu ya kahawa, ya kakao, ya ganda la mkate lililoungua kidogo, ya zabibu zilizokaushwa, zote hubebwa na chembechembe zinazopaa kutoka kwenye kinywaji, na kadiri kinywaji kinavyokuwa baridi ndivyo zinavyoshindwa kupaa. Ulimi nao ukigandishwa huusikia utamu kwa mbali sana, kwa hiyo ule utamu wa kimea, nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, uliokusudiwa kuubeba uchungu hutoweka, na kinachobaki mdomoni ni uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, na ukakasi wa shayiri iliyochomwa, kama kesi inayosikilizwa kwa mashahidi wa upande mmoja. Ndipo mtu anapoandika "Chungu mno" na "Hafifu" juu ya bia ileile, asione kwamba maneno hayo mawili yanamshtaki yeye na beseni lake.

Tuje kwenye namba, kwa sababu najua watatokea wa kuniambia kwamba ladha ni ya mtu binafsi. Waandaaji walitutangazia kwamba wangetumia mwongozo wa BJCP, ule mpango wa kuthibitisha waamuzi wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Mwongozo huo unaiwekea stauti ya daraja hili kileo cha asilimia 8 hadi 12, na uchungu wa vipimo 50 hadi 90 vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Yangu ina asilimia 9.7, na hesabu yangu ya uchungu ilitoka 68, yaani karibu kabisa na katikati. Ilianza kuchachuka ikiwa na uzito wa 1.098, maji yakihesabiwa 1.000, na ikakomea 1.024, yaani sukari nyingine ilibaki, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba iliishiwa utamu wa kuukabili uchungu huo. Na fomu yenyewe inagawa alama hivi: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Mwamuzi anayejaza kikombe hadi ukingoni na kunywa bila kunusa ametupa karibu robo ya mtihani kabla hajaanza kusahihisha, na sijui alama tano nilizopewa za harufu alizitoa wapi.

Kuhusu hilo la "nzito kupita kawaida", nilicheka peke yangu. Katika London ya karne ya 18, neno "stout" lilipotajwa juu ya bia lilimaanisha bia yenye nguvu, na bia za nguvu za aina hiyo ndizo zilizosafirishwa kwa meli hadi Urusi enzi za malkia Catherine II, ndipo jina la imperial, yaani la kifalme, lilipokuja kushika. Uzito ulitangulia hata rangi: kimea cheusi tunachokitumia leo kilipatikana baada ya mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopata hataza ya pipa la kuzungusha juu ya moto, lililowezesha kimea kuchomwa hadi kuwa cheusi bila kuteketea. Kuikata alama stauti ya imperial kwa sababu ni nzito ni sawa na kumkata alama ndovu kwa sababu ya mkonga.

Suala la povu lina ukweli nusu, nami nitaukubali huo nusu. Kileo kingi hudhoofisha povu, na bia ya karibu asilimia 10 haiwezi kuvaa kofia nene ya kukaa robo saa kama stauti nyepesi inayosukumwa kwa gesi ya nitrojeni. Lakini bia baridi huishikilia gesi yake na kutoa povu dogo zaidi, na kuimimina taratibu ubavuni mwa kikombe ili isimwagike hulimaliza hata hilo lililotaka kutokea. Nyumbani, katika glasi, povu hili huwa la rangi ya hudhurungi, lina unene wa kidole, na likishuka huacha pete inayong'ang'ania ukingoni hadi mwisho wa glasi. Alama yenyewe iliyopotea ni moja tu, na nisingeisemea kama isingekuwa ushahidi wa namna bia ilivyomiminwa.

Nitasema jambo dogo kuhusu iliyoshinda, ingawa wengine wataniita mwenye kijicho. Nilionjeshwa baada ya matokeo. Ilikuwa na vanila, nazi, na laktosi, ile sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuichachusha, hivyo hubaki na utamu wake wote. Sina ugomvi na bia za namna hiyo. Zina kundi lake katika mwongozo na huko zina waamuzi wake. Lakini ukiweka kumi na moja kwenye barafu, itakayosikika ni ile iliyotiwa vitu vinavyopiga kelele hata kwenye baridi, na zile zilizotegemea kimea, moto na subira zitaonekana bubu.

Sasa kasoro. Bia hii niliiacha juu ya mashapo ya hamira kwa miezi minne bila kuihamishia chombo kingine, kwa uvivu ambao wakati huo niliupa jina la kukomaza. Hamira ikikaa muda mrefu ndani ya kileo kikali hufa, seli zake hupasuka, na vilivyomo humwagika ndani ya bia. Kwa kiasi kidogo sana huongeza unono ambao wengine huupenda. Kikizidi, bia huanza kunukia mchuzi wa soya, na mwishoni huacha ladha ya chumvichumvi kama supu iliyochemka kupita kiasi. Yangu imevuka mpaka huo. Haijavuka sana, lakini imevuka. Nilipeleka chupa zile nikijua hivyo, kwa sababu nilitaka pua isiyo yangu, iliyofunzwa, iniambie ni kwa kiasi gani, na kama kasoro hiyo inaharibu bia au inakaa nyuma ya kakao bila kuleta madhara. Mtengenezaji huizoea bia yake hadi hawezi tena kuihukumu. Hilo ndilo nililolipia ada.

Juzi jioni nilifanya jaribio. Chupa moja niliizamisha kwenye maji ya barafu kwa saa nzima, nikaimimina kwenye kikombe cha plastiki hadi juu kama nilivyoona pale ukumbini. Kipimajoto kilisoma nyuzi 3. Niliweka pua karibu nikapata harufu ya plastiki na kitu kama majivu yaliyolowa. Nikanywa, na lo, ilikuwa chungu na ilikwaruza koo. Waamuzi hawakudanganya. Walichokunywa ndicho walichokiandika, na kwa hilo nawaomba radhi wao binafsi, kwa maana hasira yangu mwanzoni niliwaelekezea wao peke yao, kumbe aliyepanga beseni lile ana sehemu kubwa zaidi. Ila mwamuzi aliyefunzwa, akipewa stauti inayouma meno kwa baridi, ana mikono miwili na anajua kuikumbatisha kwenye kikombe, au angalau kumwambia mhudumu asubiri.

Chupa ya pili niliimimina kwenye glasi ikiwa na nyuzi 12. Kwanza ilikuja kahawa, kisha kakao isiyo na sukari, kisha zabibu, na kileo kikapasha kifua moto bila kuchoma. Uchungu ulikuwepo, lakini ulifika mwishoni, baada ya utamu kuzungumza. Mwenzangu ambaye hanywi stauti kabisa alikuwa anapita nyuma ya kiti changu, akainama, akanusa mara moja, akauliza kama nimemwaga mchuzi wa soya mahali.

Mtu asiyekunywa hata tone alilipata kwa pumzi moja jambo ambalo meza nzima ya waamuzi haikulipata.

Nimewaandikia waandaaji nikiwauliza maswali mawili: stauti zilitolewa zikiwa na nyuzi ngapi, na nani aliamua zikae beseni moja na laga. Jibu lilikuwa la mstari mmoja, kwamba matokeo ni ya mwisho. Mimi sikuomba matokeo yabadilishwe, na 23 yangu wanaweza kubaki nayo. Nimewajibu nikiyarudia maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na hadi ninapoandika hapa hakuna kilichorudi.

Chupa nne zimebaki, na kundi jipya la bia kama hii linamaliza kuchachuka wiki hii. Yeyote hapa aliyewahi kutengeneza stauti ya asilimia 9 au zaidi, naomba anieleze aliihamisha kutoka kwenye mashapo baada ya wiki ngapi, na kama harufu hiyo ya soya hupungua chupani kwa kukaa au huzidi, kwa sababu hilo ndilo lililopaswa kuandikwa pale kalamu ilipokatikia.