Dole gumba na sahihi ya Kiarabu: ni jaja (babu) mmoja au watu wawili?

mjukuu_wa_bombo
Salaam wakubwa, mwenzenu nimekwama. Jaja yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki) batalioni ya 4, akaenda Burma akarudi, sisi tumekua na hizo hadithi. Sasa juzi tumefungua sanduku la marehemu bibi tukakuta cheti cha jaja cha kutoka jeshini, 1946, jina limeandikwa "Lamazani" na chini kuna dole gumba. Humohumo kuna barua ya kununua kibanja (shamba dogo) ya 1958, pale ni "Ramadhani" na sahihi ya herufi za Kiarabu, mwandiko safi, ile herufi ya nuni ya mwisho kaivuta mpaka imepita mstari. Binamu yangu anasema hao watu wawili, eti mtu wa dole hawezi kugeuka mtu wa kalamu, na ameprinti kutoka intaneti Ramadhani wa KAR kwenye orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, anasema huyo ndiye mwenye cheti. Roho yangu inakataa ila roho sio ushahidi. Nianzie wapi?

mama_swabra
Hiyo orodha si ni ya askari waliokufa? Hebu soma tarehe ya kufa kwenye hiyo karatasi ya binamu kwanza, maana marehemu hapewi cheti cha kwenda nyumbani 😂

mjukuu_wa_bombo
Wallahi sikuangalia. 1944!! Haya huyo ametoka.

karani_mstaafu
Mwanangu, "Lamazani" isikusumbue. Karani Muganda anaandika anavyosikia, na kwa Luganda neno halianzi na R, ndiyo maana Rajabu anakuwa Lajabu na maisha yanaendelea. Na dole nalo usilitafsiri kuwa hakujua kusoma, askari wamepanga foleni, karani ana kidau cha wino, nani atakuuliza kama ulisoma chuo cha Kurani? Wazee wetu Wanubi, kizazi cha hao askari wa Sudani waliokuja Uganda na Lugard, yule kapteni Mwingereza, 1891, wengi waliandika Kiarabu vizuri tu ila ofisi haikutaka herufi hizo. Kitu cha kushika ni nambari ya askari. Jina litaandikwa hata mara kumi tofauti, nambari ni ileile. Nishani usihangaike nazo, zile nyota za vita ya pili zilitolewa bila jina.

fundi_wa_picha_jinja
Naongezea kuhusu sahihi. Usiangalie uzuri, mtu yeyote anaweza kuiga uzuri. Angalia mkono ulipoanzia, kalamu imenyanyuka wapi, nukta ya herufi ya dhad kaiweka juu kabisa au imegusa herufi. Lakini sahihi moja hailingani na kitu, unahitaji ya pili: karatasi ya nikah, daftari la msikiti, au barua ya jirani ambayo yeye alikuwa shahidi. Na kama kuna karatasi nyingine ya dole, hiyo dhahabu, dole halibadiliki toka kuzaliwa. Piga picha na taa ukiiweka ubavuni, wino uliofifia unatokea. TAFADHALI usiende kulaminati!! Nimeona cheti cha mzee mmoja kimepikwa humo ndani mpaka wino umekuwa maji ya chai.

mama_swabra
Laminati ni ugonjwa wa nchi hii

karani_mstaafu
Hapo sawa. Ukikosa nyumbani, nyaraka za taifa zamani zilikuwa Entebbe, siku hizi ziko Wandegeya, Kampala. Nenda na nambari mkononi, usiende na jina peke yake, Ramadhani ni wengi kuliko boda.

mjukuu_wa_bombo
Jamani nimerudi. Nimegeuza ile barua ya kibanja, nyuma kuna tarakimu za penseli, siku zote tulidhani ni hesabu ya shilingi. Nimeziweka kando ya nambari ya askari kwenye cheti, zinalingana moja moja, ila ya mwisho haisomeki, panya kala kona.

karani_mstaafu
Nzuri sana, lakini usishangilie bado, hiyo ya mwisho ndiyo atakayoishika binamu. Tafuta tikiti za kodi, wazee walizifunga na uzi, labda utapata humo kitu kingine cha kulinganisha.

mjukuu_wa_bombo
Narudi kwenye sanduku. Binamu nimemtumia picha, tiki mbili za bluu tangu saa nne, kimya.