Mpigaji wa Denver: tumpime kwa takwimu za nyumbani, za ugenini au zilizorekebishwa?

Kipanga
Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Yeye anasema mpigaji yeyote wa Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver, akatwe nusu ya sifa, maana uwanja wao, Coors Field, uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na mpira unapaa kama una mabawa. Mfano wake ni Dante Bichette, 1995: homurani (mpira unaopigwa ukavuka uzio) 40, nyumbani 31, ugenini 9. Nikamtolea Larry Walker, 1997: homurani 49, na 29 kati ya hizo ni za ugenini. Tushike kipimo kipi?

MamaChanzo
Ugenini tu, basi. Vinny Castilla alipiga homurani 46 akiwa Denver 1998. Mwaka 2000 yuko timu ya Tampa Bay, zikawa 6. Karudi Rockies 2004, akapiga 35. Unataka ushahidi gani tena?

NusuShilingi
Dada, taratibu. Huo mwaka wa Tampa alikuwa majeruhi, hata mechi 100 hakufikisha.

MkaziAurora
Mimi naishi Aurora, jirani na Denver. Watu wanadhani Coors ni homurani tu. Uwanja wenyewe ni mpana: kushoto futi 347, katikati 415. Wadakaji wa nje wanasimama mbali, mipira mingi inadondoka mbele yao na kuwa hiti za bure, yaani mpigaji anafika kituoni salama.

Halafu kuna jambo ambalo MamaChanzo amelipita. Hewa nyepesi inaua mpindo wa mpira. Mpigaji anakaa wiki nzima anarushiwa mipira isiyopinda sawasawa, kisha anapanda ndege kwenda San Francisco, mpira unakuja usawa wa kiuno halafu unamzamia magotini. Anapiga upepo. Kwa hiyo hata hizo takwimu za ugenini zina doa la Denver.

NusuShilingi
Hapo umenena, mkuu. Mpigaji DJ LeMahieu alipiga 0.276 (wastani wa hiti kwa zamu za kupiga) mwaka wake wa mwisho Denver, 2018. Kahamia Yankees ya New York, 0.327. Mwaka 2020, 0.364, akaongoza American League, moja ya ligi mbili kuu.

MamaChanzo
Yankees ambao uzio wao wa kulia uko futi 314, na yeye anapenda kupeleka mipira huko huko? Umemtoa kwenye sukari ukamtia kwenye asali.

MkaziAurora
😂 Hilo nakubali. Ndiyo maana mimi niko na OPS+, kipimo cha jumla cha upigaji kilichorekebishwa. Inazingatia uwanja, na 100 ndiyo wastani wa ligi. Kwa maisha yao yote Walker ana 141, Todd Helton 133, Bichette 107. Wote hao walineemeka na Coors, lakini angalia walivyoachana. Walker kachaguliwa kuingia Cooperstown, ukumbi wa magwiji wa besiboli, 2020 na Helton 2024. Kasoro yake, marekebisho ni yale yale kwa wapigaji wote, wakati uzio wa karibu unamfaa mmoja na mwingine haumgusi.

Kipanga
Nimemtumia shemeji yote haya. Kajibu: “Huyo Walker kabla ya Denver alikuwa nani?” Alikuwa Montreal, shem, na 1994 alipiga 0.322 huko huko. Sasa ameona ujumbe, kimya.