Mkesha wa Mwaka Mpya: fataki za vijiti, roketi paani, au twende mjini?

MamaNeema_Umoja
Wenzangu, naombeni ushauri kabla ya tarehe 31. Tunakaa ghorofa ya 4, chini kuna kiwanja kidogo cha magari, paani tunaanika nguo. Watoto wana miaka 9 na 4 na wanalilia fataki. Baba yao anataka roketi chache zirushwe kutoka paani, dada yangu anasema twende KICC, lile jumba la mikutano katikati ya Nairobi, tukatazame fataki za huko, mimi nafikiria zile za vijiti vya kushika mkononi vinavyotoa cheche.

Jirani_SouthB
Roketi paani hapana, dada. Pakiti zinazofuata viwango vya Ulaya huandikwa daraja la hatari, F2 au F3. F2 watazamaji wakae angalau mita 8, F3 mita 15. Toa matangi ya maji na kamba za nguo, uone paa limebaki na nafasi gani. Upepo ukiiyumbisha, roketi inaangukia roshani ya mtu, na mitungi ya gesi tunaiweka huko huko. Tena Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115, inahusu fataki pia. Ulizeni polisi habari za kibali kabla hamjatoa pesa.

Muuguzi_Eastlands
Nakubali, ila vijiti navyo watu wanavidharau mno. Kijiti kikiwaka hufikia nyuzi 1,000 za Selsiasi na zaidi, na waya hubaki wa moto hata cheche zikiisha. Wa miaka 4 asishike kabisa, atazame akiwa pembeni na mtu mzima. Wa 9 ashike kimoja tu, mkono umenyooshwa, amevaa pamba na viatu vya kufunika vidole. Nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Usiwashe huku umembeba mtoto. Ndoo ya maji iwe hapo, kila waya utumbukizwe.
Akiungua, maji ya bomba yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Dawa ya meno na siagi msipake, nawasihi. Uso au mikono ikiungua, nendeni hospitali.

Kayole_Mkazi
Mjini fataki ni nzuri na wanaorusha ni wenye ujuzi, lakini na mtoto wa miaka 4 saa sita usiku, katika umati ule, kisha kugombania matatu? Akifika miaka 8 hivi, nendeni.

MamaNeema_Umoja
Asanteni sana. Basi ni vijiti, kiwanjani, saa mbili usiku, magari yakiwa yameondolewa. Nitawaarifu majirani, wa chini ana mtoto mchanga. Na kijiti kikikataa kuwaka?

Jirani_SouthB
Usikiinamie wala kukiwasha tena. Kiache nusu saa, kisha kiloweke hadi asubuhi. Usikitupe kikavu kwenye takataka, maana wengi huku huzichoma.