Tupeane uzoefu: mlango wa kuslaidi wa reli ya juu, ndani ya nyumba

Mjenzi wa Madale
Wakuu habari za jioni. Leo nilikwenda kumuona ndugu yangu aliyehamia Goba, nikasikia magurudumu yanaunguruma juu ya reli, mlango mzima ukapita pembeni ya ukuta na kuacha jiko wazi. Tangu nirudi sijatulia. Mimi nipo hatua ya milango, na mama watoto keshachagua: jikoni na choo cha masta anataka hii hii ya mbao, reli nyeusi juu, mlango unaning'inia. Korido yangu ina sentimita 110 tu, mlango wa kawaida ukifunguka unaila karibu yote. Fundi anasema sawa, baba yangu anasema nisithubutu. Nataka waliokaa nayo waseme. Picha nimeshaangalia za kutosha.

Kitundu
Nafuatilia. Na mimi nipo kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Mama Kulwa na Doto
Sikupanga kuandika, ila nimeona kichwa cha mada mikono ikaanza kutetemeka.

Wetu ulikuwa kati ya sebule na chumba cha kulia. Mninga wa kweli, mbao baba yao alizifuata mwenyewe Tabora. Mita 1 kwa 2.1, unene sentimita 4. Siku ya kuupandisha waliubeba wanaume wanne. Wiki tatu za mwanzo kila mgeni alikuwa anaufungua na kuufunga akisifia.

Jumamosi moja nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Watoto walikuwa na miaka minne, wanaucheza kama treni: mmoja anausukuma mwingine anakimbia nao. Nikasikia magurudumu yakienda, halafu yakanyamaza. Ule ukimya ndio ninaouota mpaka leo. Kisha kishindo, vyombo kabatini vikalia. Nilipotoka sebule imejaa vumbi la lipu, mlango umelala, Doto amesimama anauangalia, Kulwa haonekani. Nikaita. Hakujibu. Nikaita tena, hakujibu.

Kilichomuokoa ni mkono wa kochi. Mlango uliangukia pale ukaacha nafasi kama hema, naye alikuwa humo ndani macho wazi, hawezi hata kulia, kifundo cha mguu kimebanwa. Nilijaribu kuunyanyua mara tatu nikashindwa. Wameunyanyua vijana wawili wa bodaboda waliosikia ukelele wangu getini. Hospitali wakasema mfupa mzima, wakamshona nyuzi sita.

Jioni baba yao akapanda ngazi kuangalia. Skrubu zote zilikuwa za kawaida na plagi za plastiki, zimeshika lipu peke yake, hata tofali hazikuligusa. Na ncha ya reli upande wa dirisha haikuwa na kizuizi. Gurudumu lilifika mwisho likatoka hewani.

Mbao zile tumezifanya meza. Siwezi kuziuza, na siwezi kuuona mlango ule umesimama tena.

Bint Pangani
Pole sana dada. Nimesoma nimeshika kifua. Kulwa anaendeleaje?

Kitundu
Pole mama. Nimefuta zile picha nilizokuwa nimehifadhi.

Nyundo Nzito
Mama Kulwa pole mno. Naomba niseme kama fundi mwenye miaka 17 kwenye mbao: mlango haukuwa na kosa. Mninga wa vipimo hivyo una zaidi ya kilo 50. Ukiuning'iniza kwenye lipu ya inchi moja umetega mtego. Reli inashikwa na bolti za chuma zinazotanuka ndani ya zege, na kila ncha ya reli ina kizuizi. Juu ya mlango wenyewe kuna visahani viwili vidogo vya kuzuia gurudumu lisiruke reli. Chini sakafuni kuna kile kishikio cha kuuzuia usibembee. Mafundi wengi wanavitupa hivi vidude kwa sababu hawavijui, wanadhani ni spea.

Seremala wa Keko
Na wewe Nyundo unakubali vipi mninga kuning'inizwa? Mimi milango hii naipendelea ya mbao nyepesi. Natengeneza kwa MDF nyembamba, yale mabao ya unga wa mbao, vijana wawili wanapandisha, na bei ni rafiki.

Nyundo Nzito
MDF kwenye choo cha Dar? Msimu mmoja wa masika chini imevimba kama andazi. Ukitaka nyepesi tafuta paini ya Mafinga iliyokaushwa sawasawa, usimuuzie mtu unga ulioshikwa na gundi.

Seremala wa Keko
Paini ya Mafinga wanayouza mjini nusu yake bado mbichi, mwezi wa pili mlango umepinda na unakwaruza ukuta. Nina wateja, usiniharibie.

Nyundo Nzito
Nimesema iliyokaushwa. Soma kwanza.

Bint Pangani
Wakubwa msigombane hapa, kuna mzazi ametoka kutueleza habari ya mtoto.

Uzoefu wangu ni wa chumvi. Nyumba yetu iko karibu na bahari, unasikia mawimbi ukilala. Mwezi wa tano tu magurudumu yakaanza kulia kama punda, reli imetoka madoa ya kutu hadi ukutani. Nilikuwa nimejifungua, na kila mtu akiufungua usiku mtoto anaamka. Tukapaka grisi, ikashika vumbi na mchanga, ikawa mbaya zaidi. Mkiwa pwani ulizeni chuma kisichoshika kutu, au acheni kabisa.

Kirungu
Mafuta ya cherehani, matone mawili tu. Wangu unateleza kama samaki.

Mzee wa Uyole
Usipake chochote. Futa reli kwa kitambaa kikavu kila wiki, inatosha.

Mkwe wa Moshi
Mjenzi, hapo kwenye CHOO nakuomba usimame kidogo. Mlango huu haukai ndani ya fremu, unapita mbele ya ukuta. Maana yake pembeni kuna upenyo, chini kuna upenyo. Sauti inatoka, harufu inatoka, taa inatoka. Sisi choo cha masta tulikiwekea. Baba mkwe alipokuja kutibiwa tukampa chumba kile kwa heshima, ndicho kikubwa. Siku ya pili akawa anatoka asubuhi anasema anakwenda kunyoosha miguu. Kumbe anakwenda msikitini kuomba choo. Aliona aibu na mama yuko kitandani hatua mbili tu, anasikia kila kitu. Tuliambiwa na mtoto wa jirani. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kesho yake akamuita fundi. Sasa tuna mlango wa bawaba na kitasa.

Kirungu
Dah. Hili sikulifikiria.

Mzee wa Uyole
Huku kwetu Mbeya mwezi wa sita baridi inapita kwenye huo huo upenyo. Na mbu nyinyi wa Dar mtawaona. Ila mimi nauliza jambo moja: mlango huu umeigwa kwenye mazizi ya Marekani, kwa nini tuulete sebuleni? Pwani wana milango ya nakshi inayosifiwa dunia nzima, sisi tunakimbilia zizi la Mmarekani.

Niko Iowa
Shikamoo mzee wangu. Mabanda yenyewe huku Marekani nayapita kila siku nikienda kazini. Lile lilikuwa banda la nyasi kavu na ng'ombe, mlango mpana ili gari la nyasi lipite. Mlango mkubwa hivyo wa bawaba unashusha bawaba kwa uzito, upepo unaubamiza, na unahitaji uwanja mtupu wa kufungukia. Wakulima wakautundika kwenye reli. Ilikuwa akili ya kazi, si urembo.

Na jambo ambalo picha hazionyeshi: kuta za ndani huku ni nguzo za mbao zilizofunikwa jipsamu, ndiyo maana mnaona ubao mrefu nyuma ya reli, umefungwa kwenye zile nguzo. Nyumbani ukuta ni tofali. Anayeiga picha na ubao wake bila kujua ubao ule umeshikwa na nini, anafika pale alipofika fundi wa Mama Kulwa.

Mzee wa Uyole
Marhaba. Nimekuelewa mwanangu. Lakini bado si wa sebuleni.

Mwana wa Tabora
Nimeona mnausema vibaya nikaona ninyooshe mkono, maana kwangu mlango huu ni rafiki.

Mama alipata kiharusi mwaka 2020. Kiti chake cha magurudumu kina upana wa sentimita 64, mlango wa choo chetu wa zamani ulikuwa na 70 na unafungukia korido. Akiuvuta unamgonga magoti, akirudi nyuma ukuta. Kila haja ilibidi aite mtu. Mama yangu alikuwa mwalimu, alizoea kuamuru darasa la watoto 80, na sasa anaita mjukuu ampeleke choo. Akaanza kupunguza kunywa maji ili asiite. Tuligundua alipougua.

Tukapanua nafasi hadi sentimita 90, tukatundika mlango wa paini wa mita 1 ili uzidi sentimita 5 kila upande. Mpini mrefu, umefungwa chini kidogo usawa wa kiti. Anausukuma kwa mkono mmoja ule mzima. Harufu na sauti, ndiyo, vipo, tukaweka pazia zito kwa ndani na feni ya kutoa hewa. Siku ya kwanza alipoingia mwenyewe alifunga akakaa humo karibu saa nzima. Tukadhani ameanguka. Akajibu, "Niacheni, nimekaa tu."

Bint Pangani
Mungu amtunze mama.

Mama Kulwa na Doto
Mwana wa Tabora, hii imenifariji, sijui nieleze vipi. Mliomuuliza Kulwa: yuko darasa la kwanza, anakimbia kuliko wenzake, kovu analionyesha kama medali. Ila mlango wowote akikuta uko wazi anaushika kwanza, anautikisa, ndipo anapita.

Mjenzi wa Madale
Nimesoma yote na mama watoto kasoma pembeni yangu. Choo tumekubaliana bawaba, ufungukie ndani. Jikoni bado anautaka, na mimi nimeanza kuuelewa. Tumepima: uwazi sentimita 90, mlango utakuwa mita 1, reli mita 2. Pembeni tumekuta swichi ya taa na soketi ya friji, vyote vingefunikwa, itabidi vihame kabla ya rangi. Nyundo Nzito, lenta yangu imezunguka nyumba nzima hadi kuta za ndani. Nitajuaje bolti imeikuta?

Nyundo Nzito
Toboa tundu moja la majaribio. Drili ikipita laini, hiyo ni lipu, hujafika. Ikianza kugoma na kulia, umeikuta zege. Pima kina kilichoshika zege peke yake, lipu usiihesabu. Kabla ya kupandisha mlango, ning'inia mwenyewe kwenye reli. Una kilo ngapi?

Mjenzi wa Madale
82.

Nyundo Nzito
Zinatosha. Ning'inia dakika tano, watoto wakiwa nje.