Tupeane uzoefu: unaziwekaje templeti za reli kwenye programu mpaka zikae sawa na ubao?

Kigingi_Shangani

Wakuu habari za majukumu. Mi nipo Shangani hapa Mtwara, mchana nachora ramani za viwanja, jioni najenga reli ndogo za mfano, skeli 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nimechagua reli yenye upana wa mita moja, ile ile iliyokuwa inapita huku kwetu, kwa hiyo njia yangu ina upana wa milimita 12. Wadogo zetu wengi hawajui kama kusini tulikuwa na treni. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, ikatoka pwani mpaka Nachingwea, mradi ukafa 1951 na reli nayo ikafungwa 1962 wakaing'oa. Babu yangu mzaa mama alikuwa kwenye genge la mataruma, alikuwa akinionyesha tuta kwa fimbo, "hapa ilipita", mi naona majani tu. Ndo nataka iwepo tena, hata kama ni juu ya plaiwudi.

Sasa nawaletea kilichonitesa. Natumia Templot, programu ya kuchora reli, ni ya bure, na kule huungi vipande vya reli vilivyotengenezwa kiwandani, unaweka templeti, yaani mchoro wa kipande cha njia, unaipinda, unairefusha, unaizungusha mpaka ikae unapotaka, halafu unaprinti kwa ukubwa wake halisi unajenga reli juu ya karatasi. Mara ya kwanza nilianza na kona, maana kona ndo inapendeza. Nikachora kona ndefu nzuri kutoka kushoto, nikaunga pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), nikaunga nyoofu, nikaunga pointi ya pili, nafika kwenye gati la kupakilia nakuta reli imeliingia gati kwa milimita 17. Nikasogeza gati. Nikasogeza na ghala. Kesho yake nikagundua kosa liko kule mwanzo kabisa, kona ilikuwa imezidi digrii moja tu. Digrii moja kwa mita moja ya reli inakutupa pembeni milimita 17 na nusu, yaani zaidi ya upana wa njia yangu nzima.

Nikajiuliza, mbona kazini siwezi kufanya hivi? Kiwanja huanzi na ukuta mzuri, unaanza na bikoni, zile alama za mpaka. Nikafuta yote. Nikaweka kwanza vile visivyosogea: ukingo wa ubao, gati, na zile pointi mbili, kila moja mahali pake. Baada ya hapo ndo nikaziunganisha na njia ya kawaida, kwa sababu njia ya kawaida inapindika na kurefuka utakavyo, pointi haikubali. Tangu siku hiyo sijasogeza ghala.

Naomba na nyie mseme, templeti zimewasumbua wapi na mlitokaje. Kila mtu na programu yake, sio lazima Templot.

Mtanda_Lindi

Asante njomba kwa kuleta hii. Mi wa Lindi, natumia XTrackCAD, nayo ya bure, na reli zangu ni za dukani za milimita 16.5, nililetewa na shemeji akitoka Uingereza. Mi kona zangu nilikuwa naziweka kwa macho. Duara langu ni vipande nane vya digrii 45, nusu kipenyo milimita 438, nikawa nakiburuta kimoja mpaka kinagusana na mwenzake kwenye skrini, naona pameungana, naweka kingine. Cha nane hakikufunga. Nikasema programu ina kasoro, nikaitoa nikaiweka upya, yale yale.

Nilivyoelewa ni hivi, ubao wangu ni plaiwudi nzima ya futi nane, milimita 2440, na skrini ya laptopu ina upana kama milimita 300. Kwahiyo nikiutazama ubao wote kwa mpigo, milimita moja ya kwenye skrini ni milimita nane za kweli. Yaani naona pamegusana kumbe kidole kinapita. Na kila kiungo kikikosea nusu digrii, ukifika kiungo cha nane umeshakosea nne. Siku hizi nashika mwisho wa kipande chenyewe, nakisogeza karibu mpaka programu inakinasa, halafu navuta picha karibu kiungo kimoja kimoja nikikagua. Viungo vyote. Inachosha lakini duara linafunga.

Kigingi_Shangani

@Mtanda_Lindi hapo kwenye kunasa umenikumbusha kitu. Kwenye Templot kuna kigingi, hicho ndo kinashikilia templeti, ukiizungusha inazunguka hapo hapo kwenye kigingi, kama ng'ombe aliyefungwa. Unaweza ukaweka alama pale kigingi kilipo, ukachukua templeti nyingine ukaileta kwenye alama. Kizuri ni kwamba alama inabeba na mwelekeo, sio mahali peke yake. Mahali pakiwa sawa mwelekeo ukakosea, unapata kiungo chenye kona ya ghafla, kwa macho hukioni, gurudumu ndo linakiona.

Mama_Plaiwudi

Habarini wadau. Mi ni fundi seremala Mikindani, hizi treni ni za mwanangu, mi namjengea meza tu, ila nina langu la kusema maana nyie wachoraji mnatuumiza. Kijana alinipa mchoro umekamilika, kaupenda, kauprinti na kurasa ameshaziunga kwa selotepu. Mi nikamuuliza, mwanangu, meza hii inakatwa wapi? Chumba chake mlango ni mdogo, kwahiyo plaiwudi lazima iwe vipande viwili vya 1220, nafunga kwa bolti. Akanyamaza. Tukapima, mstari wa kukata unapita katikati ya pointi, tena pale penye ndimi, zile reli zinazocheza kubadilisha njia. Hapo huwezi kukata.

Tulikaa wote wawili kwenye laptopu. Nikamwambia chora kwanza mistari yangu, ubao unaanzia wapi unaishia wapi, unakatwa wapi, na maboriti ya chini yako wapi, kwa sababu mota ya pointi inakaa chini ya ubao na ukikuta pale kuna boriti utatoboa boriti. Akachora yote kwa rangi nyekundu. Pointi ikasogezwa milimita 90 kulia, nyingine 40, na kwenye kiungo cha ubao ikabaki njia nyoofu inayokatiza moja kwa moja bila kupinda. Nilifunga bolti, tukaweka reli, tukakata kwa msumeno mdogo pale pale juu ya mstari. Mpaka leo meza inafunguliwa na kufungwa na behewa linapita.

Kwahiyo naomba muwe mnaleta fundi mapema.

Kigingi_Shangani

Dada hili nalinakili kama lilivyo. Maboriti mi sikuwahi kuyachora.

Ng'apa_Relini

Mi sina mengi. Usichanganye familia za reli bila kuangalia digrii. Nilikuwa na kona za Peco, kampuni ya reli za mfano, zile za kuanzia, Setrack, ambazo pointi zake zinatoka kwa digrii 22 na nusu, nikaongeza pointi za Peco hao hao ila za Streamline, hizo zinatoka kwa digrii 12. Na umbali wa njia mbili zinazokwenda sambamba nao sio mmoja, Setrack ni milimita 67, Streamline 50.8. Kwenye programu nilizilazimisha zikae, zikakaa, kwenye ubao zikagoma. Sasa nikichanganya naacha kipande cha reli ya kupinda katikati, chenyewe kinameza tofauti.

Masasi_Mzani

Wakuu poleni na kazi. Kisa changu kinahusu picha ya chini. Nilitaka kujenga ufuo wa Mikindani na njia inayopita pembeni ya maji, nikachukua picha ya setilaiti nikaiweka chini ya templeti ili nifuate mkunjo wa ghuba. Programu inakuuliza, kutoka nukta hii mpaka ile ni mita ngapi? Nikachukua ukuta mmoja, nikakisia mita 20, kumbe 21. Ukisikia mita moja unaona ni ndogo. Lakini ndo asilimia tano, na ufuo wangu ulikuwa mita 400, kwahiyo mwisho wa ufuo kosa limekuwa mita 20, ukigawa kwa 87 ni milimita 230. Templeti zangu zote zimekaa sawa juu ya picha na picha yenyewe ni ya uongo.

Nilienda na rafiki yangu siku ya Jumapili, tukapima barabarani kwa futi kamba umbali mrefu, kutoka kona moja mpaka nyingine, mita 180 na kidogo. Nikaiweka hiyo. Kipimo kirefu kinapunguza kosa, kifupi kinalizalisha.

Na jambo jingine, kwenye 1:87 kilomita moja halisi ni mita 11 na nusu, hakuna mwenye sebule hiyo. Lazima ubane. Mi nabana nyoofu tu, pointi na kona siziminyi, maana kona ukiiminya treni haipiti.

Mtanda_Lindi

Hapo kwenye kona kutopitika, wakuu mjaribu na hili, kata karatasi ngumu saizi ya behewa. Behewa la mita 18 ni milimita 207. Toboa matundu mawili pale bogi (yale mafungu ya magurudumu chini ya behewa) zinapokaa, mi nimeweka 140 kati ya tundu na tundu, halafu ipitishe juu ya karatasi uliyoprinti matundu yakifuata katikati ya njia. Kwenye kona ya 438 tumbo la behewa linaingia ndani karibu milimita sita, na pembe za mbele na nyuma nazo zinatoka nje. Mi ndo nilivyojua gati langu litakwaruzwa, hata reli sijaweka bado.

Bajaji_na_Reli

Mi nitasema la stesheneri. Niliprinti kurasa 22 za A4 pale mjini, nimefika nyumbani nikaziunga, njia ni nyembamba, mabehewa hayakai. Nikapima kwa rula. Milimita 100 za kwenye mchoro zimetoka 96. Kijana wa pale aliacha ile tiki ya kulazimisha mchoro uenee kwenye karatasi, hana kosa, ndo anavyofanyia CV za watu. Siku hizi natangulia na ukurasa mmoja wenye mstari wa 100, napima kwa urefu na kwa upana pale pale kaunta, ikitoka 100 kotekote ndo nasema toa zote.

Halafu usizigundishe kwa gundi ya maji. Mwezi wa pili huku hewa imelowa, nilipaka gundi nyeupe ubao mzima nikalaza karatasi, ikavimba, kwenye mita moja ikaongezeka kama milimita nne, na zile pointi nilizozipanga siku tatu zikahama. Nilikaa pale chini nikaishika ile karatasi inavyojikunja na kwa kweli iliniuma, maana nilikuwa nimemuahidi mdogo wangu treni itembee Jumamosi. Nikaibandua, nikaprinti nyingine, nikaibana kwa pini za ofisi na selotepu tu. Ikakaa.

Kigingi_Shangani

Pole sana kaka. Treni ilitembea?

Bajaji_na_Reli

Jumamosi iliyofuata. Alikaa nayo mpaka umeme ukakatika.

Nachi_Darasani

Shikamooni wakubwa. Mi ni binti wa Nachingwea nasoma ufundi, nimeanza Templot mwezi uliopita na nilikuwa nalia peke yangu, sikujua kuna watu kusini. Naomba kuuliza. Naweka templeti ya kwanza vizuri, nikianza ya pili ile ya kwanza inabadilika, inapinda na yenyewe. Nakosea wapi?

Kigingi_Shangani

Marahaba mwanangu, karibu sana. Hujakosea kitu kikubwa. Templeti unayoishughulikia huwa ni moja tu kwa wakati, hiyo ndo inayosikia mausi. Ukimaliza nayo inabidi uihifadhi, yaani uipeleke nyuma kwenye mchoro, ndo inatulia. Wewe unaendelea kuipinda ile ile ukidhani ni ya pili. Ihifadhi, utaona inabadilika rangi na haisogei tena, halafu endelea. Ukitaka kuirekebisha baadaye unaibofya unaiita irudi mbele.

Kwa pointi anza na B-6. Herufi ni aina ya ndimi, namba ni ukali wa kuachana, 1 kwa 6, yaani ukienda 6 mbele njia zinaachana 1. Namba ikipanda, pointi inakuwa ndefu na laini zaidi, ila inakula ubao.

Nachi_Darasani

Imetulia!! Nimeweka B-6 mbili zimeangaliana, katikati nimeacha nyoofu ya 300 ya kupishania. Bibi anasema nyuma ya shamba letu kuna tuta la mawe, nitaenda na futi kamba kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, nikipata upana wake nauleta hapa.

Mama_Plaiwudi

Vaa viatu vya kufunika mguu mwanangu, kwenye mawe yale nyoka wapo. Na ukimaliza mchoro nitumie mistari ya kukata, boriti nitakupangia mi bure.